Mkono wa mama wa sambaza

*Hotuba niliyoitoa Bukavu mbele ya wanafunzi wa informatiki na mafundi wa simu. Nimeiandika kwa ombi la wale waliokosa nafasi ukumbini.*

Baba zangu, mama zangu, walimu wetu, ndugu mafundi, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, jambo.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja amwite mtu aliye mbali naye humu ukumbini. Msitaje jina. Mwiteni kwa mkono tu.

Asanteni. Kutoka hapa nilipo nimeona viganja vingi vimetazama chini, vidole vikivuta kuelekea kifuani, kama mtu anayekusanya unga mezani. Vijana wachache mmegeuza kiganja juu na kukunja kidole kimoja, kama tunavyoona kwenye filamu. Na mzee mmoja pale pembeni hakutumia mkono. Ameita kwa kidevu. Wote mmeeleweka. Walioitwa wamegeuka, na hakuna aliyegeuka ambaye hakuitwa.

Hilo la mwisho lishikeni. Nitalirudia, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko Nyawera, na huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye kazi hii. Sikusomea mambo ya mikono na mashine. Aliyenileta kwenye habari hii ni mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Siku moja alikuja na simu akasema haipokei. Nikaangalia kioo, kizima. Betri, nzima. Nikampigia mbele yake, nikapokea bila shida. Akanitazama akasema, "Fundi, wewe mkono wako mkavu."

Ninyi mnaosoma mnajua sababu, lakini niieleze kwa wote. Kioo cha simu zetu za leo hakisikii nguvu ya kidole. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba sana, zisizoonekana kwa macho, zilizopangwa kama wavu, na zina umeme kidogo. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia, umeme wa mahali pale hubadilika, na simu hujua umegusa wapi. Maji nayo hupitisha umeme, na maji yenye chumvi zaidi. Matone yakitanda juu ya kioo, simu haijui tena kidole ni kipi na tone ni lipi. Mara inafungua kitu hukutaka, mara inanyamaza. Ukivaa glovu nene mambo yanageuka: umeme haupiti, na simu inakuona kama haupo.

Basi mama huyu hufanya kazi tangu alfajiri, sambaza wakishushwa kutoka ziwani, hadi jioni, na mikono yake haikauki. Simu ikilia huipokea kwa kiwiko, au kwa ncha ya pua, au humwita mtoto wa jirani yake mezani. Wateja wake wakubwa humpigia kabla haijafika saa moja asubuhi. Simu asiyoipokea ni beseni zima lililokwenda kwa mwingine. Akaniuliza, "Hakuna namna simu ikubali bila niiguse?"

Nilimjibu kwamba namna ipo. Kisha nikatumia miezi kugundua kwamba nilijibu haraka.

Ndugu zangu, kuendesha kitu bila kukigusa si jambo geni kwetu. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika hadi Mwenga, mkoani kwetu, mwezi wa Agosti 2019, na kutangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, mliona nini kwenye milango ya makanisa na shule? Bidoni ya njano, yaani dumu la maji, imening'inizwa kwenye mti, kamba imefungwa shingoni mwake, na chini kuna kijiti cha kukanyaga. Unakanyaga, bidoni inainama, maji yanatoka, unanawa bila kugusa mahali aliposhika mwenzako. Aliyetengeneza kile kitu alifikiri kama mhandisi. Alijiuliza: mkono una kazi gani sasa hivi, na ni kiungo gani kingine kiko huru? Mpox ilipozuka Kamituga, na Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, tulirudi kwenye bidoni zile zile. Mnapoanza kuandika programu, nawaomba muwe na swali la mtu yule wa bidoni vichwani mwenu.

Kwenye mashine za umeme habari hii ina zaidi ya miaka 100. Mrusi Lev Termen alitengeneza mnamo 1920 ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa: mkono mmoja hewani hupandisha na kushusha sauti, mwingine huiongeza na kuipunguza. Mwaka 1980, huko chuo cha MIT, Marekani, mtu aliweza kukaa mbele ya ukuta wa picha, akaonyesha kwa mkono na kusema kwa mdomo "weka kile pale", na kompyuta ikaweka. Novemba 2010 Microsoft ilianza kuuza Kinect, kamera ya michezo iliyomwaga chumbani maelfu ya vidoa vya mwanga usioonekana ili kujua mwili wa mchezaji uko wapi. Haikupita muda, madaktari wa upasuaji wa hospitali ya Sunnybrook, Toronto, wakaichukua waitumie kufungua picha za mgonjwa kwa kupunga mkono, wasilazimike kuvua glovu na kunawa upya. Hao nao walikuwa na shida ya mama wa sambaza: mkono una kazi, na kazi hiyo hairuhusu kugusa.

Sasa simu zenyewe. Kuna njia kadhaa, na sitazipa zote muda sawa kwa sababu hazitufai sawa.

Iliyo rahisi kuliko zote mnayo mifukoni. Juu ya kioo, karibu na mahali pa kusikilizia, simu nyingi zina kihisi kidogo kinachotoa mwanga wa infraredi na kupima unaorudi. Kazi yake ni kuzima kioo ukiweka simu sikioni. Mwaka 2013 Samsung iliongeza kihisi cha namna hiyo kwenye Galaxy S4, ukaweza kupitisha kiganja juu ya simu na picha zikageuka kama kurasa.

Kuna rada. Google waliionyesha mwaka 2015 wakiita mradi wao Soli, na Oktoba 2019 wakaiweka kwenye simu ya Pixel 4. Ni kidude kidogo kinachotuma mawimbi ya gigahezi 60, yenye urefu wa milimita 5, na kusoma yanavyorudi kutoka mkononi. Haijali giza. Lakini mawimbi yana sheria, na kila nchi ina yake. Simu hiyo haikuuzwa India kwa sababu ya gigahezi zile. Mwaka uliofuata, Pixel 5 ilitoka bila rada. Nawaambia hili mlijue: ufundi unaweza kuwa mzuri na bado usidumu, kwa sababu ya bei, sheria, au kwa sababu watu hawakuona umewasaidia nini.

Kuna mkanda wa mkononi unaosoma misuli. Kidole kinapotaka kusogea, umeme mdogo hupita kwenye misuli ya mkono, na mkanda huusikia juu ya ngozi. Kampuni ya CTRL-labs iliyofanya kazi hii ilinunuliwa na Facebook mwaka 2019, na Septemba 2025 Meta, ndiyo Facebook hiyo hiyo kwa jina jipya, ikauza miwani yenye mkanda wa namna hiyo kwa dolari 799. Saa ya Apple ya mwaka 2023 nayo inatambua ukigonganisha kidole gumba na cha shahada mara mbili; husoma mtikisiko wa kifundo cha mkono na mabadiliko ya damu chini ya ngozi. Hizi ni bei za mbali na Kadutu, najua. Ila kuna jambo moja linalonigusa sana katika njia hii ya misuli, na nitalifikia.

Kuna sauti. Hii naipenda. Popo hupiga kelele tusiyoisikia na kusikiliza inavyorudi, ndivyo anavyopita gizani bila kugonga ukuta. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walifanya simu ifanye kama popo: spika inatoa sauti ya juu ambayo binadamu hawaisikii, maikrofoni inasikiliza mwangwi wake kutoka kwenye kidole, na simu inajua kidole kiko wapi bila kamera wala rada. Spika na maikrofoni viko kwenye kila simu, hata ile ya bei ya chini kabisa inayoingia kibandani kwangu. Mwanafunzi anayetafuta kazi ya kumalizia masomo asikilize hapo.

Halafu kuna kamera, na hapa lazima nikae.

Mwaka 2019 Google walitoa bure kwa kila mtu programu inayosoma mkono kwa kamera ya kawaida ya simu. Inatafuta kiganja kwanza, kisha inaweka alama 21: moja kwenye kifundo, nne kwa kila kidole. Hesabuni wenyewe. Kutoka kwenye alama hizo unaweza kujua kama mkono umefumba, umefunguka, umebana vidole, umeonyesha. Na simu ya kawaida inaimudu papo hapo, bila kutuma picha mahali popote, kwa hiyo huli mayunite, salio lako la simu. Kwa kijana wa Bukavu mwenye kompyuta moja ya kuazima, huu ni mlango ulio wazi.

Lakini kamera hujua mikono iliyofundishwa. Mwaka 2018 mtafiti Joy Buolamwini na mwenzake Timnit Gebru walipima programu za kusoma nyuso zilizokuwa zikiuzwa. Kwa wanaume weupe, programu iliyofanya vizuri zaidi haikukosea hata mara moja kwa mia. Kwa wanawake weusi, iliyofanya vibaya zaidi ilikosea zaidi ya mara 34 kwa mia. Zilikuwa zimelishwa nyuso za watu wengine. Zile ni nyuso, lakini fikirini mikono yetu: mikono yenye unga wa muhogo hadi kwenye kiwiko, mikono yenye vumbi la makaa, mikono yenye hina ya arusi, mikono iliyoshika jembe miaka 40 ambayo vidole havinyooki tena.

Na mikono isiyo na vidole vitano. Baba yangu mdogo alipoteza vidole viwili kwenye msumeno wa mbao. Nilimwita kibandani tujaribu programu moja ya bure niliyokuwa nimeiweka kwenye simu. Alinyoosha mkono mbele ya kamera, nami nikaona kwenye kioo mistari ya rangi ikijichora juu ya mkono wake, kidole baada ya kidole, hadi vitano. Programu ilikuwa imeambiwa mkono una alama 21, basi ikazitafuta zote 21. Ikamchorea vidole hewani, mahali ambapo pana kovu. Baba mdogo aliangalia kioo kimya. Kisha akasema, "Hiyo imenikumbuka nilivyokuwa."

Sikulala vizuri siku ile. Katika mji huu, baada ya miaka yote hii ya vita, watu waliopoteza vidole au mkono mzima ni wengi. Na wao ndio wanaohitaji zaidi ya sisi sote mashine isiyolazimu kuguswa. Ndiyo maana nilisema njia ya misuli inanigusa: umeme wa kutaka kusogeza kidole unaweza kubaki kwenye mkono hata kidole kikiwa hakipo. Mashine inaweza kusoma nia ya mtu bila kumhesabu vidole. Apple walipoanza kuruhusu saa iendeshwe kwa kufumba ngumi na kubana vidole, mwaka 2021, waliianza kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mikono. Ile ya kugonga mara mbili kwa watu wote ilikuja baadaye. Mpangilio huo ni mzuri. Naomba na ninyi mwanze hivyo, na mtu mwenye vidole vitatu awe mtu wenu wa kwanza wa majaribio, kabla ya rafiki zenu wa darasani.

Sasa nirudi kwenye lile nililowaomba mlishike.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mteja, baba mmoja mwenye heshima zake, akiwa na hofu kweli. Alisema simu yake inajiendesha. Anaiweka mezani, anazungumza na watu, na picha zinageuka peke yake, mara wimbo unaruka. Kanisani walikuwa wamemshauri aiombee. Nikamwomba akae anieleze taratibu, simu ikiwa kati yetu. Akaanza kueleza, na mikono yake ikaanza kueleza pamoja naye, kama ilivyo kwetu wote. Kila mkono wake ulipopita juu ya simu, picha iligeuka. Ile njia ya infraredi ilikuwa imewashwa. Simu ilikuwa inatii mkono usiokuwa ukisema nayo.

Hapo ndipo shida yote ilipo. Kuuona mkono kumekuwa rahisi. Kujua mkono unasema na nani ndiko kugumu. Ukigusa kioo, hakuna shaka: umegusa, basi umekusudia. Mkono ukiwa hewani, shaka inaingia. Nampungia rafiki? Nafukuza nzi? Najikuna? Nabishana bei? Sisi watu wa Bukavu tunasema kwa mikono hata tukiwa kwenye simu na mtu aliye Uvira, asiyetuona.

Wakubwa wa ufundi huu wamejaribu mengi. Wengine wanakutaka ufanye kwanza ishara ya kuiamsha mashine. Wengine wanasubiri mkono ukae sekunde fulani. Miwani ya Apple iliyotoka Marekani Februari 2024, ya dolari 3,499, inaangalia macho yako yametua wapi, na vidole vikibana ndipo inatii. Macho yanachagua, mkono unakubali. Niliposoma hilo nilisimama, nikatoka mlangoni, nikatazama barabara.

Nenda Place de l'Indépendance saa kumi na moja jioni. Watu mia wana mikono juu. Huyu anaaga, huyu anaita mtoto, huyu anamwonyesha mwenzake njia ya kwenda Panzi, huyu anataka moto, pikipiki ya kubeba abiria. Motari anapita katikati ya mikono yote hiyo na anasimama mbele ya mmoja tu, na mara nyingi ndiye. Niliwauliza mamotari wanajuaje. Mmoja aliniambia, "Mama, mkono peke yake siusimamii. Nangoja jicho." Mwingine akasema anaangalia mguu: anayetaka moto amekwisha kushusha mguu mmoja kutoka ukingoni. Wa tatu akasema, mkono wa anayeaga unakwenda kando kwa kando, wa anayeita unashuka chini, na anayeita husimamisha mkono kidogo kabla ya kuushusha.

Angalieni walichonipa pale barabarani, bila kulipwa: jicho, mguu, na kile kituo kidogo cha mkono kabla ya amri. Miwani ya dolari 3,499 imejengwa juu ya moja kati ya hayo matatu. Elimu hii ipo Nyawera, ipo Kadutu kwenye ule mteremko mkali ambapo motari akikosea kusoma mkono anapoteza mteja au anaanguka. Kwa hiyo ombi langu kwenu, wanafunzi, ni hili: kabla hamjaandika mstari mmoja wa programu, kaeni siku tatu na mamotari. Na daftari. Muandike nani aliinua mkono, nani alisimamiwa, nani hakusimamiwa, na kwa nini.

Na kuna adabu ya ishara. Ishara mtakayochagua itafanywa na mtu mbele za watu. Mkwe mbele ya baba mkwe. Mama wa miaka 60 kanisani. Kumwelekezea mtu kidole ni kumdharau. Wazee wetu huonyesha kwa kidevu au kwa mkono mzima. Mkono wa kushoto peke yake haupokei kitu cha mtu. Na ukimpa mkubwa kitu kwa kulia, kushoto kunashika kiwiko. Mtu akitengeneza simu inayopokelewa kwa kudata vidole, mama zetu hawatadata vidole mbele ya mgeni, na mtengenezaji ataandika kwamba watu wa huku hawapendi teknolojia.

Tena mkono ulio hewani huchoka. Waulizeni walimu wanaoandika ubaoni. Ishara iwe fupi, na iwe chini, karibu na kiuno, mahali mkono unapokaa wenyewe. Kuhusu betri nitasema neno moja tu: kamera inayowaka siku nzima kwenye mji ambao umeme hukatika ni kamera itakayozimwa kabla ya saa sita mchana.

Sasa niwaambie tulichofanya sisi, mimi na vijana wawili wanaojifunza kazi kibandani kwangu.

Tulianza na kamera, na tukafikiri tumepata ujanja: kamera isiwake ila simu ikilia. Ujanja huo ni mzuri, nawaachia. Simu ikilia, mkono ukiinuka mbele yake kuna uwezekano mkubwa unasema nayo. Umepunguza shaka, umeokoa betri. Kibandani ilifanya kazi. Ufukweni, saa kumi na moja alfajiri, haikuona kitu. Giza. Kuna taa, lakini taa iko nyuma ya mama, na mkono wake mbele ya kamera ulikuwa kivuli.

Tukahamia kwenye kihisi cha sikioni, kile cha infraredi. Hakihitaji mwanga. Simu ikilia, pitisha mkono juu yake polepole mara mbili, inapokea na kuwasha spika. Mara mbili, kwa sababu mara moja ni mfuniko wa beseni unaopita. Simu nyingine za bei nafuu zina kihisi dhaifu, na simu ya sokoni hupata magamba na mafuta ya samaki juu yake, basi tukamwomba aifute kila asubuhi na tukaitundika kwenye nguzo ya meza yake ndani ya mfuko wa plastiki mwembamba. Tulirekebisha siku kadhaa. Ikaanza kupokea. Nilifurahi sana, niseme kweli. Nilimpigia nikiwa barabarani, nikamwona kwa mbali anapitisha mkono wenye maji, na sauti yake ikaja sikioni mwangu.

Baada ya juma moja nilimkuta ameizima.

Nikamuuliza kama imeharibika. Akasema, "Haijaharibika. Ila inapokea kwa sauti kubwa. Juzi alipiga ninayedaiwa naye. Meza nzima imesikia deni langu."

Hatukuwa tumelifikiria. Kupokea bila kugusa maana yake simu haiko sikioni, na isipokuwa sikioni, soko lote ni sikio. Sisi tulitazama mkono wake tukasahau jina lake kati ya wenzake. Nikamuuliza, basi mama, ungetaka simu ifanye nini? Akafikiri. Kisha akanionyesha jambo alilokuwa akilifanya mbele yangu tangu siku ya kwanza, nami sikuliona. Mteja wa pili akija wakati anampimia wa kwanza, mama huyu hageuki wala hasemi. Anainua kiganja wazi kidogo tu, usawa wa kiuno, anakisimamisha, anakishusha. Na mteja anangoja. Haondoki, kwa sababu ameonwa.

"Hivyo," akasema. "Iwaambie hivyo. Kwamba nimemwona, anipe dakika kumi."

Kwa hiyo sasa tunatengeneza hiyo. Simu ikilia, mkono mmoja ukisimama juu yake na kushuka, simu inakata kwa upole na kumtumia aliyepiga ujumbe: mama amekuona, anapima samaki, atakupigia. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua maneno, na alikataa mawili niliyopendekeza. Kutambua mkono uliosimama kutoka kwenye mkono unaopita tu bado kunatusumbua. Kihisi chetu kinajua karibu na mbali peke yake. Ndiyo maana nataka mtu wa ile njia ya popo. Spika na maikrofoni vingeweza kutuambia mkono umesimama au unatembea, hata gizani, hata kwenye simu ya bei ya chini.

Kibanda kiko wazi Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Mkishuka kutoka Place mtaniona upande wa kulia, kuna ubao wa bluu. Leteni simu zenu za zamani, hata zenye kioo kilichovunjika, mradi maikrofoni yake inasikia. Baba mdogo atakuwepo, na mama amesema atapita akimaliza kuuza. Beseni la maji na chumvi ninalo.